Matairi ya inchi 35 na fundi aliyekataa kunifungia diski kubwa

Land Cruiser 80 ikishanyanyuliwa na kuvalishwa matairi ya inchi 35, gereji huzuka ubishi uleule: breki zilizokuja na gari zinatosha, au ziwekwe kubwa zaidi? Wengi wetu tunaopenda magari haya tunataka diski pana na kalipa (vibanio vya diski) zenye pistoni nyingi. Mafundi wa zamani wanaguna tu, na kwa kuguna huko tunawaita wabahili, watu ambao wakati umewapita. Mimi mwenyewe nimewahi kumwita mmoja hivyo, kimoyomoyo.

Hesabu ya wanaotaka diski kubwa ni sahihi. Tairi la kiwandani la 275/70R16 lina kipenyo cha milimita 791. La 315/75R16, ambalo ndilo tunaloliita 35, lina 879. Ongezeko ni asilimia 11. Aliyewahi kuchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili nati ilegee anajua urefu unavyoongeza nguvu. Hapa aliyepewa bomba ni barabara. Diski ileile inabidi ibanwe kwa nguvu zaidi, asilimia 11 hiyohiyo, ili gari lipunguze mwendo kama zamani. Tairi lenyewe nalo ni zito na linazunguka, halafu kuna winchi, hema la juu ya paa, madumu ya maji. Mwenye gari akilalamika kwamba breki zimekuwa ngumu, hasingizii.

Ila breki ngumu si breki iliyofeli. Kwenye lami kavu, 80 yenye breki nzima ikikanyagwa kwa mguu wote kwa kawaida bado inafunga magurudumu, au inaamsha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, kama inayo. Ikishafika hapo, kinacholisimamisha gari ni mpira na lami. Hata ukifunga diski pana kama sinia la pilau, gari litasimama palepale. Tena tairi la matope, lenye meno yaliyoachana, likikutana na lami iliyolowa huwa linashika vibaya kuliko lile la kiwandani ulilolivua.

Breki hufelishwa na joto, na joto lina hesabu yake. Kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro hadi chini ni kama mita 600. Gari la tani 3 likiteremka hapo bila kuongeza mwendo, nishati inayotakiwa kwenda mahali fulani inatosha kuchemsha lita 50 za maji ya kawaida ya bomba. Ndoo mbili na nusu! Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa kwa sababu sikuiamini. Na humo ndani kipenyo cha tairi hakimo kabisa: ni uzito na kimo tu. Ukiacha kidogo kinachochukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, swali linalobaki ni nani atazichemsha ndoo hizo, injini au breki.

Hapo ndipo tairi kubwa linapoingilia, kwa mlango ambao watu hawauangalii. Kila gurudumu likizunguka mara moja, gari sasa linakwenda mbali zaidi, kwa hiyo gia ya pili imekuwa ndefu kuliko ilivyokuwa na injini inalizuia gari kwa nguvu pungufu. Dereva anafidia kwa mguu bila kujijua, na maji yanahamia kwenye diski. Mshale wa spidi nao unamdanganya: ukisoma kilomita 80 kwa saa, gari liko karibu na 89, na kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili, breki zinabebeshwa asilimia 23 zaidi. Dereva huyo ataapa kwamba anaendesha kama siku zote.

Ndiyo maana fundi wa zamani anazungumzia difu, gia za kwenye ekseli, wakati wewe unazungumzia diski. Difu ya 4.11 (shafti huzunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja) ukiibadilisha kwa ya 4.56, unarudisha takriban asilimia 11 ileile. Injini inashika tena mteremkoni, na kwa kuwa kwenye 80 mshale wa spidi unachukua mzunguko wake kwenye transfa, gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, kabla ya difu, nao unarudi kusema kweli. Ugumu wa pedali kwenye kusimama kwa ghafla haugusi, na gharama yake si ya mchezo, maana lazima ubadilishe mbele na nyuma.

Mimi nilifika kwa fundi wa namna hiyo baada ya kuteremka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu. Harufu ya pedi zilizoungua iliingia dirishani, kisha pedali ikaanza kuzama. Nilipaki pembeni, nikasubiri kwa muda mrefu. Arusha nikamwambia fundi nataka diski kubwa. Hakunijibu. Alifungua kikopo cha oili ya breki, akachovya ncha ya kitambaa cheupe, kikatoka na rangi ya chai ya rangi.

“Hii umebadilisha lini, bosi?”

Sikumbuki niliongopa vipi. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu, kiwango chake cha chini ni 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabinyika, ndiyo ile pedali inayozama.

Kisha akaniita chini ya gari, akamulika kwa simu kijiti kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali inayogawa nguvu ya breki kwa kufuata mzigo. Gari likilemewa, kijiti kinapanda na breki za nyuma zinapewa zaidi. Nililinyanyua gari sentimita 5 na kijiti sikukigusa. “Hili gari lako, hata ukijaza watu, linajiona tupu,” alisema. Breki za mbele zilikuwa zinabeba kazi ya nyuma.

Anayevuta trela, au aliyejaza vyuma mpaka gari likapitiliza uzito wake, simkatazi diski kubwa. Zinameza joto zaidi kabla ya kuchoka. Ajue tu kwamba pistoni kubwa kwa masta silinda (pampu ya oili inayosukumwa na pedali) ileile hurefusha pedali, na kwamba huenda zikadai rimu za 17, wakati 16 ndizo zinazokuachia ubavu mnene wa kupunguza upepo mchangani.

Kwangu alibadilisha oili, mipira ya breki na pedi, akapandisha kishikio cha kijiti kwenye ekseli. Difu sijaweka, fedha haijatosha. Mteremko ule nashuka kwa gia ya pili, na kwenye kona zake bado inabidi niongeze mguu. Pedali haijazama tena. Diski ni zile za kiwandani.