Wanabishania Gallo, wanamsahau Chermann

Kila Desemba mosi ikikaribia, ubishi unarudi: virusi vya UKIMWI viligunduliwa na Mfaransa au Mmarekani? Luc Montagnier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, na Robert Gallo wa Marekani wanatajwa kama Simba na Yanga. Mimi naona tumeshika mkia tukamwacha ng'ombe: tunamsahau Jean-Claude Chermann, mtafiti wa hukohuko Paris.

Turudi Paris, Januari 1983. Daktari Willy Rozenbaum anapeleka Taasisi ya Pasteur kipande cha tezi iliyovimba ya mgonjwa ambaye bado hajazidiwa. Hapo ndipo penye akili. Kwa mgonjwa wa hatua ya mwisho, chembe nyeupe zinazoshambuliwa zimeshateketea. Utatafuta mwizi kwenye nyumba tupu.

Mtafiti wa taasisi hiyo, Françoise Barré-Sinoussi, akawa anapima kila baada ya siku chache, akitafuta kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA (vibeba taarifa za urithi), alama ya virusi vya kundi hili. Wiki ya pili kikaonekana. Kisha kikaanza kupungua, kwani chembe zilikuwa zinakufa. Mwingine angeona jaribio limeharibika. Wao wakaongeza chembe mpya kutoka damu ya mchangiaji. Kimeng'enya kikapanda, chembe zikafa tena. Kumbe vifo vile ndivyo vilivyokuwa jibu! Gallo alikuwa akiwaza jamaa wa HTLV, virusi alivyovigundua yeye, ambavyo huzifanya chembe ziongezeke ovyo.

Gallo naye asibezwe. Kichocheo cha kukuza chembe T, aina ya hizo chembe nyeupe, kilitoka maabara yake mwaka 1976, na mwaka 1984 kundi lake lilionyesha kwa uzito kwamba virusi hivyo ndivyo chanzo cha ugonjwa. Kilichowagombanisha ni hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya kipimo cha damu, yaani pesa, hadi Rais Reagan wa Marekani na Waziri Mkuu Chirac wa Ufaransa wakatangaza suluhu mwaka 1987. Baadaye ikabainika kwamba kirusi cha Gallo kilitokana na sampuli za Paris.

Huku kwetu Kagera, wagonjwa wa kwanza walionekana mwaka huohuo wa 1983. Watu waliuita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa kilichotoka Uganda. Walihitaji kipimo, si jina la mshindi.

Tuzo ya Nobel ya Tiba ya 2008 ilikwenda kwa Barré-Sinoussi na Montagnier. Nafasi ya tatu alipewa Harald zur Hausen, kwa virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hilo silipingi. Lakini Jean-Claude Chermann, aliyefanya kazi bega kwa bega na Barré-Sinoussi, aliachwa. Fungua makala yao katika jarida la Science, Mei 20, 1983. Kwenye orodha ya waandishi, Montagnier ni wa mwisho. Chermann ni wa pili.