Hela ya korosho, ng'ombe wa maziwa na ubishi wa josho

Msimu wa korosho ukiisha, huku Masasi na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, watu hununua bati, pikipiki, na siku hizi wapo wanaonunua ng'ombe wa maziwa. Jirani yangu alimtoa wake nyanda za juu, akamshusha kwa Fuso, kijiji kizima kikaja kumtazama. Wiki ya sita akagoma kula pumba. Tulipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama chokaa na jicho limepiga umanjano. Mkojo haukuwa mwekundu. Ndigana baridi hiyo, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ng'ombe wa asili wa zizi la pili, waliojaa kupe hadi chini ya mkia, waliendelea kucheua kama hakuna kilichotokea.

Ubishi ukaanzia hapo. Wapo wanaosema ogesha ng'ombe kwa dawa kila wiki, kupe asionekane. Wengine wanasema ndama asiyeumwa na kupe akiwa mdogo atakufa akiwa mkubwa.

Kuamua nani ana haki, inabidi uingie ndani ya seli. Anaplasma marginale, bakteria wa ndigana baridi, hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Kinga ikishamzoea, hubadilisha protini za gamba lake la nje kwa kupachika vipande vya jeni alivyoviweka akiba, na msako unaanza upya. Ng'ombe anapona, ila bakteria wachache hubaki mwilini, mara nyingi kwa maisha yake yote. Ndugu yake aliyechunguzwa sana Ulaya na Marekani, Anaplasma phagocytophilum, ana ujasiri zaidi: huishi ndani ya neutrofili, seli nyeupe ambayo kazi yake ni kumeza bakteria. Hupenyeza protini iitwayo AnkA mpaka kwenye kiini cha seli, ikang'ang'ania DNA na kuzima jeni za sumu ambayo ingemuua. Kisha huichelewesha seli hiyo kufa, maana mwenye nyumba akifa, mpangaji hana pa kulala. Bakteria wa maji moyo, Ehrlichia ruminantium, yeye hupenda seli zinazotandaza mishipa ya damu kwa ndani. Mishipa inavuja, na ukimpasua mbuzi unakuta mfuko wa moyo umejaa maji.

Sasa tuwasikilize wanaomtetea kupe. Ndama aliyeambukizwa ndigana baridi kabla ya kufikisha mwaka kwa kawaida haumwi sana, na vile vimelea vinavyojificha mwilini ndivyo vinavyoifanya kinga yake isilale. Ujanja wa bakteria unageuka faida ya mfugaji. Hoja hiyo siipuuzi. Zizi la pili lilikuwa ushahidi tosha.

Lakini kupe hachagui mzigo. Kuna ndigana kali, inayoletwa na kimelea wa aina ya protozoa, Theileria parva, si bakteria, ambaye huzilazimisha seli nyeupe zigawanyike ovyo mfano wa saratani, na huyo huwaua ndama vizuri tu. Halafu ng'ombe aliyepona huku akibeba vimelea ndiye kisima ambacho kupe huchota na kumpelekea mgeni. Mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Ihefu, Usangu, na wengi kuelekezwa Lindi na Pwani, makundi makubwa yaliingia kwenye mikoa iliyokuwa na mifugo michache. Waliokuja walikuja na kupe wao, na wakakutana na kupe wenyeji.

Mimi nawagawa. Ng'ombe wa maziwa aliyenunuliwa ugenini aogeshwe kila wiki bila huruma, kwa sababu kinga yake imechelewa kujifunza. Zebu, yaani ng'ombe wa asili, aliyezaliwa hapa anaweza kupumzishwa, mradi ndama wachanjwe ndigana kali. Ninachokipinga ni josho la kubahatisha: miezi mitatu dawa ipo, mitano haipo. Ndama wanakua bila kukutana na vimelea, kupe wanarudi, na wote wanaambukizwa wakiwa wakubwa kwa pamoja. Hapo umelipia dawa na bado umezika ng'ombe.

Jirani yangu kanunua mwingine. Anamnyunyizia kila Jumamosi kwa bomba la mgongoni, mgongo na tumbo vinalowa chapachapa. Juzi nilimgeuza sikio: ndani, kupe wa kahawia wamejipanga kama mbegu za mbono, na tone la dawa halijafika.