Mashine Ndani ya Pipa la Harusi

Mashine ya kwanza ya boti ya mjomba ilikuwa Enduro ya Yamaha, nguvu za farasi 15, silinda mbili, imekwishapita mikono mingi kabla ya yake. Boti ilikuwa ya faiba, futi 16, na mambo yake iliyaficha chini ya rangi: ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, pale mashine inaposhikilia, ulioza ndani ukachongwa ukapungua. Mashine ya ukubwa ule inataka ubao wa unene wa sentimita nne hivi. Wetu ulibaki mbili na nusu, na skrubu mbili za kubania zikakazwa mpaka mwisho bila kubana sawasawa.

Mtu mwingine angekwenda kwa seremala. Mjomba alikwenda uvunguni mwa kitanda, akatoa kandambili.

Alikata vipande viwili, kimoja mbele ya ubao, kimoja nyuma, akakaza. Ukiitikisa kwa mkono ilikuwa imara kabisa, na hapo ndipo mpira unapowadanganya watu. Ukiukaza unabonyea, ukiutikisa unarudi, na mashine ya kilo 36 inayonguruma haifanyi kingine ila kutikisa. Kila mtikiso skrubu inalegea kidogo. Hata kwenye mbao ngumu unatakiwa usimame baada ya dakika kumi za mwanzo, ukaze tena. Halafu unapitisha kamba kwenye matundu ya vishikio vya skrubu zote mbili, unaifunga kwenye pete ya boti, ili siku mashine ikiamua kuhama isihamie baharini.

Kamba hiyo tulikuwa nayo. Siku ile ilikuwa imemfunga mbuzi.

Mbuzi alikuwa wa harusi, na harusi ilikuwa Jibondo, ukweni kwa mjomba. Wanaoijua Mafia wanajua kwamba Jibondo ni kisiwa cha mafundi wa majahazi na wavuvi hodari, ila maji matamu yalikuwa shida. Miaka ile ya 1990 yalivushwa kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa. Kwa hiyo tulipotoka Utende, kijiji cha kisiwa hicho kikubwa, tulikuwa na pipa la lita 200 limejaa, madumu kumi ya lita 20, mbuzi, mjomba na mimi. Maji peke yake yalikuwa kilo 400. Boti ilizama mpaka ukiinamisha mkono unanawa.

Mjomba alikaa kwenye usukani amevaa msuli mpya, maana mtu haendi kwa wakwe na bukta. Mashine hizi zina kamba nyekundu ya kuzimia: ncha moja ni kibano cha plastiki kinachokaa kwenye swichi, ya pili unajifunga wewe, ukianguka kibano kinachomoka na mashine inazima. Kibano chetu kilikuwa kimechakaa, kinachomoka kwa kila wimbi. Mjomba alikitibu kwa kukifunga na mshipi wa nailoni, mizunguko sita na fundo la kivuvi. Ncha ya pili, badala ya mkononi, aliifunga kwenye pindo la msuli. Kwa hiyo kamba iliyotengenezwa ili iachie ikawa ndiyo kitu pekee katika boti ile kilichofungwa sawasawa.

Njiani hakuna lililotokea, na sababu ipo. Gia ikiwa mbele, pangaboi, ile feni ya majini, linausukuma mguu wa mashine, sehemu yake ya chini, kwenye boti. Hata skrubu zikilegea, mashine inaegemea. Rivasi ni habari nyingine. Pangaboi linavuta kwenda nje, mguu unataka kunyanyuka, na ndiyo maana kuna kifungio cha kuuzuia usipande. Kikiwa kimefungwa na skrubu zimelegea, mguu haupandi. Inapanda mashine nzima.

Tulifika laasiri, maji yanakupwa. Wanawake walikuwa wamejaa ufukweni na ndoo, wengine wanapiga vigelegele, na mama mkwe amesimama mbele yao. Nahodha mwenye busara angepunguza mafuta mapema, akazima, akaniacha mimi omo, mbele ya boti, nimalizie kwa pondo. Mjomba alitaka kuingia kwa heshima. Akaja na mwendo, akapunguza dakika ya mwisho, akatia rivasi.

Mashine ilijinyanyua polepole, ikavuka ubao, ikaondoka. Kamba nyekundu ikakaza, fundo la kivuvi halikuachia, na msuli ukaifuata. Mpira wa mafuta ukaburuta tangi, likaruka tezi, likaelea. Vigelegele vikakatika katikati.

Mjomba aliketi nyuma ya mbuzi na hakusimama tena.

Tangi lenye petroli nusu ni boya zuri. Kina kilikuwa pima moja hivi, kama kimo cha mtu, mpira unafika, kwa hiyo tulijua mashine ilipo bila kutafuta. Kijana mmoja alizama, akafunga kamba (ile ya mbuzi, hatimaye), tukavuta. Ikaja na msuli umejisokota kwenye pangaboi, umekaza kama kitanzi. Msuli huo ndio uliotuokoa: uliisimamisha mashine kabla haijavuta maji mengi. Silinda ikijaa maji pistoni ingali inapiga, maji hayabanwi, kinachopinda ni konrodi, chuma kinachoisukuma pistoni.

Mashine iliyozama chumvini haiharibiki majini. Inaharibika ukiitoa, hewa inapokutana na chumvi kwenye beringi. Dawa ni kuiosha kwa maji matamu na kuiwasha ndani ya saa chache. Kama huna vifaa, ifunike yote kwa maji matamu mpaka utakapovipata. Spana ya plagi ilikuwa Utende. Maji matamu yalikuwa pale pale, lita 400, ya pilau.

"Mkwe," mama mkwe alisema bila kumtazama, "hayo ni maji ya wageni."

"Mama, ni usiku mmoja tu," mjomba akajibu akiwa nyuma ya mbuzi.

Walimrushia kanga kwanza, akajistiri. Ilikuwa na maneno *Mtasema mchana, usiku mtalala*. Ndivyo alivyosimama mbele ya ukoo mzima kuwaeleza habari za beringi. Ajabu ni kwamba wazee walimwelewa. Watu wa vyombo ni watu wa vyombo. Tukavua kava, tukaitia mashine kichwa chini ndani ya pipa, pangaboi likabaki juu linatazama mbingu. Maji yaliyofurika wanawake waliyakinga kwa masufuria, hakuna tone lililopotea. Pilau ikapikwa kwa madumu, na kunawa kukawa kwa birika moja, mikono ishirini.

Spana ilikuja asubuhi kwa ngalawa. Tulitoa plagi zote mbili, tukailaza mashine matundu yakiangalia chini, tukavuta kamba ya kuwashia taratibu. Ikigoma unaacha, hushindani nayo. Yetu ilizunguka, ikatema maji. Tukamwaga yaliyokuwa kwenye kabureta, tukatia kijiko cha oili kila silinda, tukachanganya mafuta mapya: lita 1 ya oili kwa 25 za petroli, mara mbili ya kawaida yake ya 1 kwa 50. Fundi mmoja wa majahazi, bila kuombwa, alichonga vibao viwili vya mti mgumu vya kuziba pengo la ubao, akaziokota zile kandambili kwa vidole viwili na kuzitupa mbali. Kamba ya usalama tulifunga, maana mbuzi hakuihitaji tena, alikuwa jikoni.

Ikawaka kwa mvuto wa nne, moshi wa buluu ukatanda mpaka msikitini, ambako ndoa ilikuwa imeanza. Mtoto akaja mbio: shehe anasema izimwe.

"Mwambie shehe haizimwi," mjomba akasema, amekaza kanga yake kiunoni. Kwa hilo alikuwa na haki: mashine iliyozama ikishawaka inataka nusu saa nzima ya kukauka na kusambaza oili, ukiizima mapema umefanya kazi bure.

Mtoto akarudi na jibu. Huko ndani, bwana harusi alitamka kukubali ndoa mara ya kwanza, hakusikika. Mara ya pili mashahidi wakatazamana. Ya tatu aliipiga kwa ukelele, nasi kule majini tukaisikia, mjomba akaitikia, "Mabruki!"