Hawaitaki ile hela ndogo

"Kifurushi chako kimekwama, anwani haijakamilika. Lipia ada ndogo ndani ya saa 12, la sivyo kitarudishwa." Meseji hiyo iliniingia siku ambayo kweli nilikuwa nasubiri mzigo. Kidole kilishafika kwenye linki, simu ikaita. Nikapokea. Nisingependa kujisifu kwamba ni ujanja ulioniokoa.

Niliporudi kuisoma nikatulia. Jina la kampuni ya usafirishaji lilikuwamo kwenye linki, ila mwanzoni tu. Ukiruka ile https://, mwenye tovuti hujulikana kwa maneno yaliyo kabla tu ya mkwaju (/) unaofuata, na pale palikuwa na herufi za ovyo zikiishia na .top.

Bado tunaambiana tutafute makosa ya tahajia. Ushauri huo umechuja. Siku hizi matapeli huandika vizuri kuliko mimi, na jina la mtumaji hughushiwa hadi simu yenyewe ikaipanga meseji yao chini ya zile halali. Wengine hukuomba ujibu "Y" kwanza. iPhone huzima linki za mtu usiyemjua, na ukijibu tu zinafunguka.

Lakini kinachonikera zaidi ni huo udogo wa ada. Nani abishane kwa hela ya soda? Wanachotaka ni ukurasa unaofuata: namba ya kadi, tarehe ya kuisha, tarakimu 3 za nyuma, halafu namba ya uthibitisho ambayo benki inakutumia muda huohuo. Wakiipata hiyo, wanaweza kuisajili kadi yako kwenye simu yao na kwenda nayo dukani.

Kuna waliokuwa hawaombi hata ada. FluBot, programu hasidi ya simu iliyosambaa mwaka 2021, ilikutaka upakue programu ya "kufuatilia mzigo" kwenye Android, kisha ikajituma kwa watu waliomo kwenye simu yako. Polisi wa nchi 11 walishirikiana hadi ikazimwa mwaka 2022.

Mimi sasa linki ya mzigo siigusi, iwe ya kweli au ya uongo. Nafungua mwenyewe programu niliyoagizia, naangalia namba ya ufuatiliaji humo.

Na kama umeshajaza kadi, acha aibu, piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, waifunge saa hiyohiyo.

Mzigo wangu ulifika kesho yake. Anwani haikuwa na kasoro yoyote.