Familia ya Karamazov ndani ya daladala

Jamani, aliyesema riwaya husomwa kwa utulivu hajawahi kugombea daladala saa 12 asubuhi. Mlalahoi ana dakika za kuokoteza: nane kituoni, kumi na tano kwenye foleni ya dirishani, sita ndoo ikijaa bombani. Humo humo anataka kummaliza Dostoevsky, yule mwandishi wa Kirusi! Tena riwaya yake ya mwisho, lile tofali la ndugu wa Karamazov: kurasa kama 800 kwa Kiingereza, baba mlevi, wana watatu (wanne, ukisikiliza maneno ya mtaani), na swali linalowazunguka kama nzi: Mungu yupo au hayupo?

Kurasa 10 kwa siku ni siku 80. Hiyo ni kama umekaa. Ukiwa umening'inia na kwapa la mtu liko puani, shukuru ukipata tatu.

Ugomvi wa kwanza ni majina. Unamwacha Dmitri, mwana wa kwanza, kituo kimoja, kituo cha pili yuko Mitya, mbele kidogo Mitka, akibembelezwa Mitenka. Unadhani abiria wanne wamepanda, kumbe ni jamaa yule yule na madeni yale yale. Alexei, kitinda mimba, ndiye Alyosha. Agrafena ndiye Grushenka, anayegombewa na baba na mwanawe. Na Fyodorovich si jina la ukoo, ni "bin Fyodor". Ivanovna ni "binti Ivan". Mtu wa Pwani hapo hahitaji mwalimu. Kata kipande cha boksi la sabuni, andika kwa penseli jina rasmi kushoto na ya nyumbani kulia, kiwe ndiyo alama ya ukurasa. Karatasi hulegea kwa jasho. Tiketi ndiyo usithubutu: huanguka konda akidai nauli, unarudi kusoma upya kurasa 12 ambazo hata mara ya kwanza hukuzielewa.

Nyuma ya boksi andika hela, maana hapo ndipo wasomaji wa foleni hupotelea. Kuna rubo 3,000 (hela za Urusi) alizopewa Dmitri na mchumba wake Katerina azitume Moscow, asizitume. Kuna 3,000 nyingine, baba kazitia kwenye bahasha kumngojea Grushenka. Ukizichanganya, kesi yote ya mauaji ya baba, kwenye Kitabu cha 12 (riwaya yenyewe imegawanywa vitabu), itakupita, kwa sababu mahakama inabishania hasa hilo: Dmitri alitapanya zote za Katerina, au 1,500 alizishonea kitambaa akazivaa shingoni kama hirizi?

Uzito nao. Riwaya ina sehemu nne, kila sehemu vitabu vitatu, na hitimisho kidogo. Wako wanaoipasua kwa wembe sehemu kwa sehemu, na wenye maktaba wazibe masikio. Kama mgongo ni wa gundi, fungua mpakani, pitisha wembe toka juu hadi chini kwa mara moja, paka gundi nyeupe, ilaze usiku kucha chini ya gunia la mchele, kesho yake valisha kaki. Kama umeshonwa kwa uzi, acha! Kurasa zake zimekunjwa pacha. Ukikata moja, mwenzake aliye mbele anadondoka, na kwa bahati yako atakuwa ndiye mwenye mauaji.

Halafu si kila sura ni ya safari. Kitabu cha 7 kinapandika vizuri: mzee Zosima, mtawa anayeheshimiwa mji mzima, amefariki, watu wanangoja muujiza, siku haijaisha maiti imeanza kunuka. Minong'ono inayofuata ni ile ile ya matangani kwetu. Unaisoma hata konda akikupigia kofi la bati sikioni. Lakini Kitabu cha 5, sura ya 3 hadi ya 5, kiache nyumbani hadi Jumapili mchana. Ivan, mwana wa pili, na Alyosha wamekaa mgahawani, imeagizwa supu ya samaki, chai na jamu ya cheri, kisha Ivan anaanza. Anataja mateso ya watoto, akitoka hapo anahamia kwenye hadithi aliyoitunga mwenyewe, Sevilla kule Hispania, kwa kadinali wa miaka 90 anayemhukumu Kristo aliyerudi duniani. Kadinali anasema, anasema, mfungwa hamjibu hata neno. Aya moja inakula ukurasa. Ukiikata kwa dakika sita sita, ukirudi hujui anayeongea ni Ivan au kadinali, na supu imeshapoa. Ukiisoma mbele za watu lazima atokee wa kukugusa bega: "Kaka, hicho kitabu cha dini?" Sasa utajibu nini kabla ya kushuka?

Na kinachoudhi kuliko foleni zote kiko ukurasa wa kwanza kabisa, kwenye dibaji ambayo kila mtu huiruka: mwandishi anasema riwaya hii ni ya utangulizi, ile kuu ni ya pili inayofuata. Akamaliza hii Novemba 1880, Februari 1881 akafariki. Siku 80 zote hizo na makofi ya konda, kumbe ulikuwa unasoma utangulizi!

Basi fungua tu. Ila shika pembe ya chini, usizibe mistari, maana mama wa siti ya nyuma amekuwa akisoma begani kwako tangu Ubungo na ameshaanza kulalamika: "Usigeuze kwanza, mwanangu. Mitya huyu ndiye nani tena?"