Usitupe Ule Mkanda wa Kijivu

Chukua mkanda wa Kodacolor, filamu ya zamani ya sinema za nyumbani, wa mwaka 1929, uinue dirishani. Utaapa kwamba ni wa nyeusi na nyeupe. Fundi naye ataapa hivyohivyo, ataupitisha kwenye skana ya bei poa na kukukabidhi video ya kijivu tupu.

Lakini rangi zimo. Kodak waliizindua filamu hii mwaka 1928 huko Rochester, Marekani, kwenye karamu ya George Eastman (mwanzilishi wa kampuni hiyo), na mvumbuzi Thomas Edison alikuwa mmoja wa wageni. Ujanja ulikuwa mgongoni mwa filamu: umechapwa vilenzi vyembamba kama vifereji, zaidi ya 20 katika milimita moja. Mbele ya kamera kulikaa kichujio cha mistari mitatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu. Nyuma ya kila kilenzi basi kukabaki vijistari vitatu vya kijivu, kimoja kwa kila rangi. Projekta yenye kichujio cha aina hiyo ilizirudisha rangi ukutani. Bila kichujio, kijivu. Kodachrome, filamu nyingine ya Kodak, ilipotoka mwaka 1935, ikiwa na rangi ndani ya filamu yenyewe, nani angehangaika tena na vichujio?

Leo kichujio si lazima. Ukipiga kila fremu kwa skana yenye nguvu ya kuonyesha vijistari hivyo kimoja kimoja, kompyuta inaweza kuzisoma rangi; watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walitengeneza programu ya kazi hiyo. Si rahisi, maana filamu kuukuu husinyaa na mistari hupinda.

Kinachoniudhi ni haraka ya "kusafisha". Programu ya kulainisha picha huviona vijistari kama uchafu, ikavifuta, na rangi zikaenda navyo. Kisha mtu anaiomba akili mnemba ipake rangi upya! Gauni la bibi lililopigwa kamera likiwa jekundu linageuka la buluu, na wajukuu wanashangilia.

Mimi ningeomba kwanza faili ghafi, ambalo halijaguswa. Mkanda nao urudi kwenye kopo lake, pamoja na kile kichujio cha mistari mitatu kama bado kimo kwenye boksi la projekta.