Semina ya masaa mawili iliyonigombanisha na Texas na nyumbani pia

Wacha niandike hili sasa manake nimelibeba kifuani muda mrefu, na kila nikipigiwa simu kutoka Kenya naulizwa swali lile lile, eti ni ukweli huko Marekani nilikuwa nafundisha watoto wa watu ushoga.

Kazi yangu ni ya hosteli. Niko chuo kikuu cha serikali hapa Texas, nilikuja kusoma digrii ya pili nikabaki, sasa nasimamia jengo la wanafunzi, yaani funguo zilizopotea, kelele za usiku, mtoto wa watu analia saa nane usiku juu ya mtihani au msiba. Ndani ya kazi hiyo kulikuwa na semina ya masaa mawili kila mwaka kabla wanafunzi hawajaripoti, kuhusu wanafunzi wa LGBT, yaani mashoga, wasagaji, wanaopenda jinsia zote mbili na waliobadili jinsia. Mwaka wa kwanza nilikaa nyuma kabisa nimekunja mikono. Mimi nimelelewa kanisani, nyumbani nilijua tu hayo mambo ni miaka 14 jela na hayatajwi mbele ya wazee, hata sikujua ni kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya. Nikajua leo nakuja kulishwa maneno.

Sasa niwaambie kilichofundishwa, sababu wengi wanaoipigia kelele hawajawahi kukaa ndani. Hakuna aliyefundishwa kuwa shoga. Tulifundishwa mwanafunzi akikuambia siri yake usikimbie kumpigia mzazi simu, manake kuna wazazi wanaokata karo siku hiyo hiyo na kuna wanaopiga. Tukafundishwa akifukuzwa nyumbani katikati ya muhula anapelekwa ofisi gani apate pa kulala, na ukisikia mwenzake wa chumbani anamtishia usiseme ni utani wa vijana. Pale ndio nilisikia mara ya kwanza habari ya Matthew Shepard, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Wyoming, kijana shoga, alipigwa akafungwa kwenye uzio akaachwa hapo kwa baridi Oktoba 1998, akafa siku chache baadaye akiwa na miaka 21.

Nilitoka pale nikamkumbuka msichana tuliyesoma naye shule ya bweni. Tulikuwa kidato cha tatu. Walimtoa mbele ya paredi, mwalimu mkuu akasoma barua zake kwa sauti, shule nzima ikacheka na mimi nikacheka, alafu akaondoka na sanduku lake na hatukumuona tena. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza alilala wapi usiku ule. Hilo swali nilikuja kuulizia Texas, kwa semina niliyoingia nimenuna.

Kwa hivyo walipotafuta watu wa kusaidia kuendesha hiyo semina nikakubali, na hapo ndio moto ulianza. Kuna mtu alinirekodi na simu, kama sekunde 30, nikisema mzazi asiwe mtu wa kwanza kujulishwa. Maneno ya kabla ya hapo, ambapo nilikuwa naeleza habari ya kijana aliyepigwa na babake, yalikatwa. Imeili zikaanza kuingia, zingine za matusi, zingine zikiniambia nirudi Afrika. Alafu klipu ikavuka bahari ikafika kwa grupu ya familia, na anko wangu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa harambee yangu, akanipigia usiku.

"Wewe msichana, tulikuchangia tiketi uende usome ama uende ufundishe watoto wa wazungu uchafu?"

Nikamwambia anko, umesikiza yote? Akasema hahitaji kusikiza yote, pasta ameshamuuliza na hakuwa na la kumjibu. Hiyo ya pasta ndio ilimuuma na mimi ndio iliniuma zaidi, kwa sababu anko ni mtu mzuri, aliuza ng'ombe wake kwa ajili yangu.

Juni 2023 gavana Greg Abbott akatia saini sheria ya SB 17, ikaanza kazi 1 Januari 2024. Ilifunga ofisi za usawa na ujumuishaji kwenye vyuo vya serikali hapa Texas na ikapiga marufuku mafunzo ya aina hiyo, yawe ya rangi, ya jinsia au ya LGBT. Watu wakahamishwa, ofisi zikabadilishwa majina alafu zikafungwa, na pale University of Texas mjini Austin makumi ya wafanyakazi waliachishwa kazi Aprili 2024. Semina yetu ikaisha kwa imeili moja fupi.

Mtu akiniambia hataki kulazimishwa kukaa kwa semina inayogusa imani yake, namsikiza, hiyo hoja naielewa kwa sababu mimi mwenyewe nililazimishwa. Lakini imani yangu haikuondoka na bado naenda kanisani kila Jumapili. Kilichoondoka ni ule ujinga wa kudhani mwanafunzi aliye mbele yangu ni mjadala.

Na mnaoniambia rudi nyumbani, huku hakuna hayo mambo, nawaomba mtazame mwaka huo huo wa 2023. Februari Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema, majaji watatu kwa wawili, kwamba watu hawa wana haki ya kusajili shirika lao, kesi iliyoanza 2013. Miezi minne baadaye Texas ikapitisha sheria ya kufunga ofisi. Yaani nchi niliyoiacha ilikuwa inafungua mlango kidogo na hii niliyoikimbilia inafunga. Sisemi Kenya ni afadhali. Januari ya mwaka huo wa 2023 mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi wa haki za watu wa LGBT, ulipatikana kwenye sanduku la chuma karibu na Eldoret, na aliyemuua, mtu aliyeishi naye, alifungwa miaka 50 Desemba 2024, kwa hivyo hiyo si kesi ya watu wa nje kumvamia, lakini maneno niliyosoma kwa grupu yetu kabla hata kijana hajazikwa, kutoka kwa watu walionibeba mgongoni, sijayasahau.

Kitu nimeona pande zote mbili ni kwamba sheria hukataza hapa lakini woga wa watu hukataza mpaka kule. Kifungu cha 162 kinaadhibu tendo, hakisemi mwanafunzi afukuzwe shule kwa barua, lakini tuliishi kana kwamba kinasema. SB 17 nayo imeacha wazi mafundisho ya darasani, utafiti na vyama vya wanafunzi wenyewe, lakini nimeona wenzangu wakitoa mlangoni stika za kuonyesha mwanafunzi wa LGBT anakaribishwa, wakifuta namba za washauri kwenye ubao, wakinyamaza mwanafunzi akiuliza swali. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Huo ukimya naujua vizuri, nimekulia ndani yake.

Mwanzo wa muhula huu kijana mmoja mpya kazini, ana miaka 19, alikuja ofisini kwangu akasimama mlangoni bila kuingia. Akasema kuna mwanafunzi kwenye ghorofa yake ambaye babake amegundua na amesimamisha karo, hajui amwambie nini na hajui kama anaruhusiwa kumwambia chochote. Nikamwambia ingia ukae. Nikamweleza yote yaliyokuwa kwenye yale masaa mawili, pa kulala, pa kuomba msaada wa karo, kwa nini asimpigie baba. Tulimaliza kwa dakika kama 20. Akiwa anatoka akaniuliza kama anaweza kuwaambia na wenzake kwenye zile ghorofa zingine.

Nikamwambia waambie.